Mwalimu, Tutajie Hata Moja

Kwa miaka sita nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga, na kila mwaka nilipofika kwenye mada ya lugha na mazingira nilikuwa na mfano wangu wa kufungulia kipindi. Nafuta ubao, nageuka taratibu, nasema: "Kaskazini kabisa ya dunia kuna watu wanaoishi kwenye barafu, Waeskimo. Hao wana maneno mia moja ya theluji." Darasa linaguna kwa mshangao, mimi naandika ubaoni "lugha hufuata mazingira", na kipindi kimeshanoga.

Mwaka wa sita msichana mmoja wa kidato cha tatu, wa dawati la nyuma, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tutajie hata moja."

Sikuwa nalo. Mia moja nimezitangaza, mfukoni sina hata moja. Nikamwambia avute subira, tutafika huko, kisha nikawakimbizia kwenye ngeli za nomino. Akakaa. Wenzake wakaandika nilichoandika ubaoni, yeye kalamu yake ikabaki juu ya daftari. Namkumbuka mpaka leo kwa ile kalamu.

Sasa naishi Ottawa, Kanada, na huu ni mwaka wangu wa tano wa kuvaa suruali mbili. Kazi yangu ni udereva. Nawapokea wagonjwa uwanja wa ndege nawapeleka nyumba ya wageni, nawatoa nyumba ya wageni nawapeleka hospitali, kisha narudi nao. Wengi wanatoka Nunavut, eneo la kaskazini mwa Kanada lenye ukubwa wa kuzidi Tanzania mara mbili, lakini sensa ya mwaka 2021 ilikuta humo watu wasiofika hata 37,000, katika vijiji na miji 25 isiyounganishwa na barabara hata moja. Hospitali ni moja, iko Iqaluit, makao makuu. Ugonjwa ukiizidi nguvu hospitali ile, mtu wa kisiwa cha Baffin anapandishwa ndege, saa kama tatu hivi, analetwa huku kwetu. Ndivyo nilivyokutana ana kwa ana na watu wa mfano wangu wa ubaoni.

Jambo la kwanza nililofundishwa ni jina. "Eskimo" ni jina walilopachikwa na wengine, na huku Kanada ukilitamka mbele yao utaona nyuso zinabadilika. Wao ni Inuit, maana yake watu. Mmoja ni Inuk. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu kwenye usukani, kwa sababu sisi nasi wataalamu walituita Bantu, na maana yake ni hiyo hiyo, watu. Halafu ukisema "Wainuit", kama tunavyoandika magazetini, umesema "wawatu". Kwa hiyo hapa nitaandika Inuit tu, wingi umeshamo ndani.

Majira ya baridi ya mwaka wangu wa pili nilimbeba bibi mmoja aliyefuatana na mjukuu wake, kijana wa miaka ishirini na kitu. Masikio ndiyo yaliyomleta bibi. Tumeegesha nje ya hospitali, tunasubiri saa ya miadi, ile hamu ya darasani ikanipanda. Nikamuuliza kijana: samahani, eti ni kweli mna maneno mia ya theluji? Akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kuulizwa hilo mara nyingi. Akainama sikioni kwa bibi akamtafsiria, kwa sauti kubwa.

Bibi akatazama dirishani. Pembeni ya maegesho palikuwa na lundo la theluji iliyosukumwa na katapila, imemwagiwa chumvi, imekanyagwa, imelowa mafuta ya magari, rangi yake kama maji ya kufulia. Akasema jambo fupi.

"Anasema ile pale haina neno," kijana akanieleza. "Ni takataka."

Usiku ule nilianza kusoma.

Chanzo cha habari yote ni Franz Boas, Mjerumani aliyesomea fizikia na kuandika tasnifu yake ya mwaka 1881 kuhusu rangi ya maji. Mwaka 1883 alikwenda Baffin, upande wa ghuba ya Cumberland, akaishi na Inuit, akasafiri nao kwa sleji za kukokotwa na mbwa, akachora ramani. Aliondoka mwaka uliofuata akiwa ameingiwa na hamu ya watu kuliko ya ramani. Mwaka 1911, katika utangulizi wa kitabu kikubwa cha lugha za wenyeji wa Amerika, akataja kwa kupitia tu maneno ya theluji: aput, theluji iliyolala chini, qana, theluji inayoanguka, piqsirpoq, theluji inayopeperushwa na upepo, qimuqsuq, tuta la theluji lililorundikwa na upepo. Manne. Basi.

Wala hakuyataja ili watu washangae. Alianza na Kiingereza chenyewe, akaonyesha kuwa maji ya ziwa, ya mto, ya mvua, ya umande, ya wimbi na ya povu yote yana majina yasiyo na uhusiano wa sura, ingawa lugha nyingine ingeweza kuyajenga yote juu ya neno moja la maji. Theluji ilikuwa mfano wa pili. Akaongeza na sili: wana jina la sili kwa jumla, jina la sili anayeota jua, jina la sili anayeelea juu ya kipande cha barafu, mbali na majina ya umri na jinsia. Hoja yake ni kwamba kila lugha inachora mipaka yake inakotaka, na hakuna iliyochora kwa rula. Hoja ya adabu kabisa. Ningeifundisha hiyo, wala nisingeulizwa nisilolijua.

Mwaka 1940 akaja Benjamin Lee Whorf. Huyu alikuwa mhandisi wa kuzuia moto katika kampuni ya bima huko Hartford, na lugha akizisoma baada ya kazi. Namheshimu kwa kisa kimoja. Katika ukaguzi wake aliona kuwa watu walikuwa waangalifu sana karibu na mapipa yaliyojaa petroli, lakini karibu na mapipa "matupu" walivuta sigara bila wasiwasi, na pipa tupu limejaa mvuke unaolipuka kuliko petroli yenyewe. Neno "tupu" ndilo lililowasha moto. Mtu mwenye jicho kama hilo ukimsoma kuhusu theluji unamwamini. Naye akaandika kwamba wasemao Kiingereza wana neno moja kwa theluji inayoanguka, iliyolala, iliyogandamana, iliyoyeyuka nusu na inayorushwa na upepo, na kwamba kwa Inuk neno moja la kukusanya hayo yote karibu haliwazikiki. Hakutaja hesabu, ila mlango aliuacha wazi.

Baada ya hapo ikawa kama michango ya harusi inayotangazwa kwa kipaza sauti, kila mtangazaji akiongeza chake. Saba, hamsini, mia. Mwaka 1984 tahariri ya New York Times ikaandika mia moja. Mtabiri wa hali ya hewa katika televisheni moja ya Cleveland akafikisha mia mbili. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Laura Martin akaifuatilia hesabu hii nyuma, kitabu kwa kitabu, mpaka kwenye yale manne ya Boas. Miaka michache baadaye mwanaisimu Geoffrey Pullum akaandika makala ya kejeli kali akiiita habari nzima ulaghai. Na mimi Tanga, na chaki yangu mkononi, nilikuwa kituo kimojawapo cha njia hiyo.

Ila aibu yangu kubwa ilikuwa kwingine. Mwingereza akidanganyika kuhusu maneno mia, namwelewa. Lugha yake ina maneno yanayokaa mbalimbali kama punje za maharage, unaweza kuyahesabu kwa kidole. Mimi je? Mwalimu wa Kiswahili, mchambuzi wa viambishi, niliyekuwa nawachapia watoto mitihani ya mnyambuliko?

Chukua kitenzi pika. Pikia, pikwa, pikiwa, pikisha, pikika, pikiana. Sasa vaa viambishi vya mbele: atatupikia, hajakupikia, asingalitupikia, tutakaompikia. Kila kimoja kinaandikwa pamoja, kina pumzi moja, ni neno. Ukiyahesabu yote, Waswahili tuna maelfu ya maneno ya kupika, na gazeti la London likipata habari litatuandika kuwa ni taifa la wapishi.

Lugha za Inuit zinafanya hivyo hivyo, tena kwa kutuzidi. Neno refu la kwanza nililojifunza lilikuwa la yule bibi, alilokuwa akiambiwa mhudumu wa mapokezi kwa niaba yake: tusaatsiarunnanngittualuujunga. Kijana alinikatia vipande kama anayekata muwa. Tusaa, kusikia. Tsiaq, vizuri. Junnaq, kuweza. Nngit, hapana. Tualuu, sana. Junga, mimi. Kwa jumla: sisikii vizuri kabisa. Sauti za mwisho na mwanzo wa vipande zinasuguana na kubadilika zinapokutana, kama mu-alimu anavyokuwa mwalimu. Tofauti ni kwamba sisi mtenda anatangulia, "si-" inakaa mlangoni, kwao mtenda anakaa mkiani, unamsubiri mpaka neno liishe ndipo umjue nani anazungumza. Nilimwambia kijana kuwa kwetu ningesema "sisikii", neno moja nalo. Akalirudia mara mbili. Akasema ni fupi mno kwa ugonjwa wa bibi yake.

Ukishaona hivyo, swali la "mangapi" linakosa miguu. Ukihesabu mizizi, ni michache. Ukihesabu kila linaloweza kutamkwa kwa pumzi moja, hayana mwisho, si ya theluji tu bali ya samaki, ya viti na ya simu za mkononi.

Hata hivyo sikukaa upande wa Pullum moja kwa moja. Kejeli yake ina utamu, lakini aliwacheka wanaotia chumvi mpaka msomaji anafunga kitabu akidhani hakuna kitu. Wako waliorudi kwenye kamusi wakahesabu kwa utulivu. Igor Krupnik na Ludger Müller-Wille walipitia kamusi za lahaja mbalimbali, na kwa lahaja ya Nunavik, kaskazini mwa Québec, yakapatikana maneno yasiyopungua 53 ya theluji yenye maana iliyotulia. Kwa hiyo wasemao hamsini, waliookota namba hewani, walikuwa karibu na shabaha kwa kubahatisha. Halafu mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow wakatangaza kuwa Kiskoti kina maneno na semi 421 za theluji. Hakuna mwalimu yeyote ninayemjua aliyefungua kipindi kwa Waskoti. Waskoti hawashangazi. Mshangao tunauweka kwa watu wa mbali waliovaa manyoya, na hilo ndilo linalonikera katika habari hii kuliko hesabu yenyewe. Tunawasifu ili tusilazimike kuwasikiliza.

Nami kusikiliza kulinijia kwa njia ya nazi.

Nimekulia chini ya minazi. Kwa mtu wa bara, na namwomba radhi, tunda la mnazi ni nazi. Kwetu linaanza kidaka, likikua linakuwa kitale, kisha dafu, kisha koroma, kisha ndiyo nazi, na nazi ikikaukia ndani ya kifuu ni mbata. Joya ni jambo lingine tena. Ukimtuma mtoto dafu akaleta koroma, umekosa maji ya kunywa, na hiyo koroma tui lake halifiki. Hakuna anayeyakariri maneno hayo ili apendeze. Kila moja linajibu swali: nipande au nisipande, ninywe au nikune, niuze leo au nianike? Ukinipa neno bila swali lake umenipa punje iliyotolewa moyo.

Basi nikaacha kuuliza mangapi, nikaanza kuuliza abiria wangu ya kazi gani. Hapo ndipo walipoanza kuzungumza.

Theluji ya kujengea, kwanza. Neno iglu tunalidhani ni kibanda cha theluji, kumbe ni nyumba yoyote, hata ya mbao yenye televisheni. Cha theluji ni igluvijaq. Na theluji inayofaa kuijenga inaitwa igluksaq: iglu, nyumba, na -ksaq, kile kitakachokuwa. Theluji ambayo ni nyumba ijayo. Sifa zake si za kubahatisha. Inatakiwa iwe imeangushwa na dhoruba moja, ikagandamizwa na upepo mpaka ikawa ngumu sawasawa kuanzia juu hadi chini. Theluji ya dhoruba mbili ina tabaka, na tofali lake hukatikia kwenye mshono. Mwindaji huichoma kwa fimbo nyembamba akisikiliza kwa mkono kama fimbo inashuka kwa mwendo mmoja au inagota na kulegea. Ikipita mtihani anachomoa pana, kisu kirefu cha theluji, anakata matofali, na kuyapanga kwa mzunguko unaopanda kama konokono, kila moja likiinamia ndani, yeye mwenyewe akiwa katikati. Mzee mmoja alinionyesha kwa mikono akiwa amefunga mkanda wa gari, na nilimwona kabisa akijifungia ndani.

Theluji ya kunywa ni aniu. Si kila theluji inafaa sufuria, maana iliyoanguka sasa hivi ni hewa tupu, unajaza chungu unapata kikombe. Inayokuzamisha mpaka mapajani ukitembea ni mauja. Inayokimbia chini chini juu ya ardhi, miguu inapotea lakini kichwa kinaona jua, ni natiruvik. Dhoruba yenyewe, ile ya kutoona mkono wako, ni piqsiq.

Pukak inastahili kukaliwa kitako. Ardhi chini ya theluji ina joto kidogo kuliko hewa ya juu, kwa hiyo mvuke hupanda kutoka chini na kuganda upya, na baada ya majuma kadhaa tabaka la chini kabisa linakuwa punje punje kama sukari ya guru iliyosagwa. Hiyo ni pukak. Humo ndani panya wadogo wa kaskazini hupita majira yote ya baridi, wanachimba njia, wanakula mizizi, wamefunikwa blanketi. Na juu ya mteremko, tabaka hilo hilo legevu ndilo linaloweza kuuacha mlima mzima wa theluji uteleze. Mwanabiolojia William Pruitt aliyesoma maisha ya wanyama wa theluji alikosa maneno ya kutosha katika Kiingereza, akayachukua ya Inuit wa bonde la Kobuk, Alaska, na sasa pukak imo katika vitabu vya sayansi. Alichukua pia qali, theluji iliyokaa juu ya matawi ya miti, na qamaniq, kishimo kinachobaki kuzunguka shina. Nilipowauliza abiria wangu wa Baffin kuhusu theluji ya matawini wakanitazama. Matawi gani? Kwao hakuna mti hata mmoja. Kumbe hata kusema "Inuit wana neno hili" ni kama kusema "Wabantu wana neno hili". Kutoka Greenland hadi Alaska ni mlolongo wa lugha na lahaja, na kila pwani ina theluji yake.

Lakini neno ninalolipenda kuliko yote ni uqalurait. Upepo mkuu wa majira ya baridi katika eneo la Igloolik unatoka magharibi-kaskazini-magharibi, nao unaitwa Uangnaq. Unapoichonga theluji huacha matuta magumu yenye ncha iliyochongoka kama ulimi, na uqaq ni ulimi. Kwa sababu upepo ni ule ule, ndimi zote zinaelekea upande mmoja, kilomita kwa kilomita. Msafiri anayekwenda na sleji anazikata kwa pembe moja isiyobadilika, na amepata dira. Giza likiingia, ukungu ukishuka, anazipapasa kwa mguu. Theluji laini inayoanguka juu yake haiwezi kuziharibu, maana zimekuwa ngumu kama mbao. Mabaharia wetu wa majahazi walijua kaskazi na kusi kwa kuziona tanga zikijaa. Hawa wanausoma upepo uliopita wiki tatu nyuma, kwa unyayo, gizani.

Nasi tuna theluji yetu, usisahau. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro, akamuuliza kiongozi wa msafara wake, mtu wa pwani, kile ni nini. Akajibiwa: baridi. London mwanajiografia mmoja aliyekuwa hajawahi kufika huku, Desborough Cooley, akabisha kwa miaka kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Zamani nilikuwa nikilisimulia jibu la yule kiongozi kama kichekesho, mtu aliyekosa neno. Siku hizi naona alijibu kilichokuwa na kazi. Ukipanda kule, kitakachokuua ni baridi, weupe ni rangi tu.

Na maneno tuliyo nayo sasa tuliyapokea bandarini. Theluji ni thalj ya Waarabu. Barafu ni barf ya Waajemi, ambao kwao barf ndiyo theluji, barafu wanaiita yakh. Sisi tukalipokea neno la theluji tukalivisha kipande cha barafu cha kwenye glasi ya juisi, kisha midomoni tunayachanganya yote mawili bila shida, "Kilimanjaro ina barafu". Utafiti mmoja wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa lugha za nchi zenye joto ndizo zinazoelekea zaidi kutumia neno moja kwa theluji na barafu. Hakuna cha kushangaza hapo. Watu wa Makete wanaoamka na kukuta viazi vimeungua kwa sakitu wanayo sakitu, na mtoto wa Tanga halijui neno hilo.

Bahari ndiyo iliyoniletea raha ya mwisho. Nilimuuliza yule kijana barafu ya bahari wanaiitaje. Akasema: siku.

Nikamwomba arudie. Siku. Barafu ya bahari ni siku. Nikamweleza kwetu siku ni nini, jua kuchomoza mpaka kuchomoza tena. Akaniambia na ukingo wa barafu, pale inapoishia na maji meusi kuanza, wanapowinda sili, wanaita sinaa. Nikamwambia kwetu "sina" ni kutokuwa nacho. Tukacheka mpaka bibi akataka kujua, na maelezo yakachukua muda, maana ilibidi yapigiwe kelele sikioni.

Tuvaq ni barafu iliyoshikamana na nchi kavu, hiyo ndiyo barabara yao, maana barabara nyingine hakuna. Aajuraq ni ufa unaofunguka. Wanasema tuvaq inachelewa kuja na inawahi kuondoka. Wazee wa Nunavut wana neno la hali ya hewa ya miaka hii, uggianaqtuq, linalotumika pia kwa mtu unayemfahamu anapoanza kuwa na tabia usiyoielewa. Huko Baker Lake wamesema upepo umebadilika, theluji inagandamana kupita kiasi, igluksaq inakuwa taabu kupatikana, na zile ndimi hazielekei tena zilikokuwa zikielekea. Kijana aliyefundishwa na babu yake kuzikata kwa pembe fulani akizifuata leo anaweza kupotea. Kilimanjaro nayo imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa mwaka 1912, ila sisi hatukuwa tukisafiria juu yake.

Matibabu ya bibi yalikwisha baada ya majuma mawili. Nikawapeleka uwanja wa ndege saa kumi na mbili asubuhi, mizigo yao imejaa machungwa na nepi za mtoto, vitu ambavyo bei yake kule hailipiki. Kaunta ikasema ndege ya Iqaluit haiondoki, hali ya hewa. Kijana akapiga simu nyumbani, akasikiliza, akamgeukia bibi. "Piqsiqtuq," akasema.

Nilikuwa nimeshika begi. Piqsirpoq ya Boas, ile ya kwenye kitabu cha mwaka 1911, mwisho wake umebadilika kidogo kama lahaja zinavyobadilika, imetoka kwenye simu, imewazuia watu mia uwanjani na kunirudisha mimi barabarani. Nilimkumbuka yule msichana wa dawati la nyuma. Sasa ni mtu mzima, sijui yuko wapi.

Tukarudi mjini. Kijana akaniuliza kwa Kiswahili chake kipya, akinyoosha kidole: "Siku moja?" Nikamwambia labda mbili. Akamwinamia bibi. Tulikuwa tunavuka daraja la mto Rideau, na mto wote ulikuwa umeganda, mweupe, mtu mmoja anatembea juu yake na mbwa wake.

Bibi akatazama chini.

"Siku," akasema.